Saa ya Kutoa Mashine Mpya: Mambo ya Sega na Nintendo

Katika biashara ya mashine za michezo ya video hakuna suala limsumbualo mkuu wa kampuni iliyokumbwa na hasara kuliko hili, kwamba aitoe lini mashine ya kurithi ile iliyokataliwa sokoni. Kwani akifanya pupa huwaudhi walioinunua ya kwanza, na akikawia hazina humwishia kabla bidhaa haijafika madukani. Aghalabu watu huipima saa hiyo kwa kalenda. Kwa rai yangu, yapasa ipimwe kwanza kwa itibari iliyobaki kwa wateja na kwa wachuuzi.

Sega, kampuni ya Japani, ilikwisha kuahidi kuwa mashine yake ya Saturn ingeuzwa Marekani tarehe 2 Septemba 1995, lakini kwa kuihofia PlayStation ya Sony, tarehe 11 Mei mwaka huo ikatangaza ghafla, katika maonyesho ya Los Angeles, kwamba mashine ilikuwa tayari imefikishwa katika maduka machache iliyoyateua, kwa dola 399. Sony ikajibu papo hapo: dola 299. Wenye maduka walioachwa nje ya siri ile wakaghadhibika, hata KB Toys ikakataa kuiuza. Na watengenezaji wa michezo, ambao muradi wao wote ulikuwa Septemba, hawakuwa na kitu cha kutoa, ikawa mnunuzi wa Mei hapati ila michezo michache ya Sega yenyewe. Tena ilikuwa ni miezi michache tu tangu kampuni hiyohiyo iwauzie watu 32X, kiambatisho cha kuitia nguvu mashine yake kongwe, kisha ikakitupa.

Dreamcast, iliyoirithi Saturn na kutoka Japani Novemba 1998 na Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199, ilikuwa mashine njema, na Wamarekani waliipokea kwa shangwe. Ila Electronic Arts ilikataa kuitengenezea michezo, na kwa kuwa Sony ilikwisha kuitangaza PlayStation 2, mwenye kuumwa na Saturn aliona heri angoje. Isao Okawa, kiongozi wa Sega, alitoa mali yake mwenyewe kuinusuru kampuni, lakini Januari 2001 ilitangazwa kuwa utengenezaji wa Dreamcast utakoma. Wako wasemao ilitolewa mapema mno. Sidhani: taksiri ilikuwa ya 1995, na ya 1998 yalikuwa malipo yake.

Nintendo nayo ilianguka na Wii U ya 2012, iliyouzwa milioni 13 na nusu hivi, ilhali Wii iliyoitangulia ilipita milioni 100. Pamoja na dhiki hiyo, mashine iliyoirithi, Switch, haikuletwa mbio kuwahi Krismasi ya 2016, bali ilitoka tarehe 3 Machi 2017 ikifuatana na mchezo wa Zelda uliokamilika, na Super Mario Odyssey ukaja Oktoba, Krismasi ikikaribia. Subira hiyo, tusisahau, iligharimiwa na akiba nono pamoja na mashine ya mkononi ya 3DS, vitu ambavyo Sega haikuwa navyo. Aidha, uchache wa wenye Wii U uligeuka faida: Mario Kart 8, mchezo wa 2014, ulipotolewa upya Aprili 2017 ulikuwa mgeni kwa walio wengi, na ndio uliouzwa kuliko michezo yote ya Switch.