Kidonda cha Mguu Kisichouma: Udhu Wake na Daktari Wake

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.



Miaka michache iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja wa safu ya mbele msikitini kwetu alibaki nyuma, akaniita pembeni. Ni mtu wa pwani, maisha yake yote ameyapitisha baharini, na sukari anayo kwa muda mrefu. Alikuwa na suali moja tu: udhu wake unasihi? Akanionesha mguu. Kidole gumba kilikuwa na kidonda kilichofungwa kipande cha kanga kuukuu, nacho kibichi kwa maji. Alikuwa amekanyaga gome la chaza, siku haikumbuki, kwani hakuhisi kitu. Alichokuja kukiona ni damu juu ya mkeka. Tangu hapo, kila ukiingia wakati wa swala anafungua kitambaa, anakiosha kidonda kwa maji ya mfereji, kisha anafunga kitambaa kile kile. Mara tano kwa siku, na hiyo ilikuwa wiki ya nne. Nilipomuuliza kwa nini hajakwenda hospitali akanijibu, "Mbona hakiniumi, sheikh?"

Mguu ule ulikatwa chini ya goti.

Mimi nimesomesha mlango wa tahara kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi hadithi sahihi ya Mtume (S.A.W.) inayoonya juu ya visigino vilivyobaki vikavu katika udhu, na ya yule mtu aliyeacha sehemu ndogo ya mguu wake, kiasi cha ukucha, akaamrishwa arudi akautengeneze udhu wake. Ni haki kuyasema hayo. Lakini sikumbuki kuwahi kukaa darsa nzima nikaeleza mwenye jeraha la mguu afanye nini. Yule mzee aliogopa udhu wake kubatilika, hakuogopa kidonda, na khofu ile sisi walimu ndio tuliomtia. Basi haya ndiyo niliyokuwa nidaiwe kuyasema.

Kwa nini kidonda hakiumi

Sukari ikikaa juu mwilini kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu. Ile inayokwenda miguuni ndiyo mirefu kuliko yote, kwa hivyo mara nyingi ndiyo huanza kuharibika. Mgonjwa mwanzo huhisi ganzi, au kuchomwachomwa kama kwa sindano hasa usiku, au huona kama anatembea juu ya sufi. Baadaye hahisi tena. Wengine husema "Alhamdulillah, imepoa", kumbe ndiyo imezidi. Mguu hupunguza jasho, ngozi ikakauka na kupasuka. Mishipa ya damu nayo huwa myembamba, damu haifiki vidoleni kama inavyotakiwa, na kidonda kisichofikiwa na damu hakifikiwi na dawa wala na chakula cha kukiponya.

Mtu mzima wa afya akichomwa na mwiba huchechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakouponya mguu, kwa kuwa hauukanyagii. Asiyehisi maumivu hutembea juu ya kidonda chake siku nzima, akenda dukani, shamba, msikitini, na kila hatua inakichimba zaidi. Ndiyo maana nasema kwa wenye sukari: kidonda kisichouma ndicho cha kukimbilia hospitali.

Hospitali hupima kwa uzi wa plastiki unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Nyumbani pia ipo njia nyepesi. Mzee afumbe macho, na mjukuu amguse kwa ncha ya kidole, taratibu bila ya kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Hizo ni sehemu sita. Kila akihisi aseme. Zikimpita mbili au zaidi, mguu huo umo hatarini na daktari aelezwe, hata kama hauna mkwaruzo.

Udhu na jeraha

Aya ya 6 ya Surat al-Maida iliyotuamrisha kuosha miguu mpaka vifundoni ndiyo hiyo hiyo iliyomtaja mgonjwa na kumfungulia mlango wa tayamamu. Na Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfika Mtume (S.A.W.) aliwakemea vikali kwa kutoa fatwa bila ya elimu. Kila nikikisoma kisa hiki namkumbuka yule mzee.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye kidonda kilicho wazi ambacho maji yanakidhuru ataosha sehemu nzima za mguu kwa uangalifu bila ya kukitilia maji kidonda, na atatayamamu kwa ajili ya sehemu ile aliyoiacha. Kwa kuwa utaratibu ni nguzo katika udhu, tayamamu hiyo huifanya ikifika zamu ya mguu. Akiwa amefungwa bandeji asiyoweza kuifungua bila ya madhara, ataosha kilicho nje ya bandeji, atapangusa juu ya bandeji yote kwa mkono uliorowa, na atatayamamu. Kwa kila swala ya fardhi atarejea tayamamu hata kama udhu wake haujatenguka. Bandeji isizidi kiasi kinachohitajika, na ikiwezekana ifungwe akiwa na tahara. Akifanya hivyo halipi swala zake.

Najua wapo wazee watakaoona haya mengi. Wanazuoni wa Hanafi wanatosheka na kupangusa juu ya bandeji bila ya tayamamu, na mgonjwa aliyeelemewa akiifuata kauli hiyo hatumlaumu. Asilolifanya ni kufungua bandeji ya hospitali mara tano kwa siku ili kidonda kipate maji. Kujua kwamba maji yanadhuru kunatokana na uzoefu wake mwenyewe au kauli ya daktari mwaminifu. Daktari akimwambia "usiroweshe", hiyo ndiyo dalili yake, hana haja ya kuja kwangu.

Asiye na kidonda

Kwa mwenye mguu mzima udhu ni fursa: mara tano kwa siku umeushika mguu wako kwa mkono wako. Utazame basi. Geuza nyayo. Asiyeweza kuinama atumie kioo kilichowekwa chini, au mtoto amtazamie. Mtume (S.A.W.) ameelekeza kupitisha vidole baina ya vidole, na hapo hasa, baina ya kidole cha mwisho na cha jirani yake, ndipo fangasi wanapoanzia: ngozi nyeupe iliyolainika, inawasha, inanuka, kisha inachanika. Ufa huo ni mlango wa vijidudu vinavyouvimbisha mguu mzima.

Dawa yake kubwa ni ukavu. Wapo wanaoona vibaya kujifuta maji ya udhu. Wanazuoni wetu wamesema kuacha ni bora, lakini pakiwa na haja hakuna ubaya, na fangasi ni haja. Weka kitambaa chako mwenyewe na ujifute baina ya vidole. Zile kandambili za pamoja za chooni msikitini, zinazovaliwa na watu mia kwa siku, nani aliwahi kuziosha? Mimi nachukua zangu. Dawa ya kupaka ipo madukani, lakini watu huiacha kuwasha kukiisha. Iendelee muda wote ulioandikwa, na isipofaa kwa wiki nne uende ukaonekane. Mama zetu wa mwani wa Paje na Jambiani, na wanaotafuta pweza maji yakitoka, miguu yao hukaa majini saa nyingi na kukanyaga miiba na mawe. Viatu vya mpira si anasa kwao, na jioni miguu ioshwe kwa maji safi na sabuni, ikaushwe.

Magaga hutibiwa kwa mafuta kila siku kwenye kisigino, si baina ya vidole. Sugu isikatwe kwa wembe, na zile plasta za dawa za kulia sugu mwenye sukari asizisogelee, kwa kuwa zinakula na ngozi nzima. Kucha ni katika sunna za maumbile, na hadithi ya Anas katika Sahihi Muslim imeweka mwisho wa siku 40. Zikatwe kwa kunyoosha, pembe zisichimbwe, maana hapo ndipo ukucha unapoingia nyamani. Na mabibi harusi: hina ya majani haina tatizo, ila piko linachoma ngozi za wengi, na mwenye sukari asilitie mguuni.

Wenye matende wasifichwe vyumbani. Dawa za kumeza zilianza kugawiwa visiwani mwaka 2001 ili kukata maambukizo, lakini mguu uliokwisha kuvimba unahitaji kuoshwa kwa sabuni kila siku, kukaushwa na kuinuliwa, na homa zake hupungua kwa hayo. Hapa udhu na dawa vimekutana.

Lini kwenda

Nchi nyengine wapo wataalamu waliosomea miguu peke yake. Kwetu anzia kituo cha afya kilicho karibu, na mwenye sukari Unguja aulizie kliniki ya kisukari ya Mnazi Mmoja. Pemba zipo hospitali za Wete, Chake Chake na Abdalla Mzee, Mkoani.

Mwenye sukari akipata kidonda chochote, hata lengelenge la kiatu kipya, aende siku hiyo au kesho yake. Akiona mguu mmoja umevimba, umekuwa mwekundu na wa moto bila ya jeraha, asiukanyage na aende pia, kwani mifupa huenda inavunjika ndani naye hahisi. Kwa mtu yeyote, mwenye sukari na asiye nayo, haya hayasubiri asubuhi: kidole kilichogeuka cheusi au buluu, mguu uliopoa na kupauka ghafla, harufu mbaya pamoja na homa, wekundu unaopanda juu, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Aliyechomwa na msumari aulize sindano ya pepopunda. Na kidonda kilichopitisha wiki mbili hakijafunga si cha kuendelea kutiwa majani, wala asali, wala dawa ya meno. Asali ina heshima yake katika Qur'ani, lakini haifungui mshipa wa damu ulioziba.

Najua kinachowazuia wengi, nimekisikia mabarazani: "Ukenda hospitali utakatwa mguu." Wanaokatwa wengi ni waliochelewa, kisha wanaobaki huhesabu waliokatwa na kusahau siku walizopoteza. Yule mzee wetu, kwa maneno ya daktari wake, angekwenda wiki ya kwanza kidole kingetibika.

Na hata kukatwa si fedheha wala si udhaifu wa imani. Urwa bin Zubeir, mtoto wa Asmaa bint Abubakar, alikuwa mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Alipokwenda Sham kwa Khalifa al-Walid, ugonjwa ulimwanza mguuni na ukawa unapanda. Matabibu wakamwambia usipokatwa utauharibu mwili wote. Hakuwaambia "mimi ni mcha Mungu, utapoa wenyewe". Aliridhia ukakatwa, akaishi baada yake akisomesha.

Jambo la mwisho ni kwa wanaojiandaa kwa Hijja na Umra, kwa sababu kila mwaka naulizwa. Lami ya Mina wakati wa jua huunguza, na mwenye ganzi huungua bila ya kujua. Asitembee peku hata hatua chache za kutafuta viatu vyake nje ya msikiti. Abebe viatu ndani ya mfuko wake. Mwanamke huvaa soksi na viatu vyake bila ya tatizo. Mwanamme aliyehirimia avae makubadhi yenye soli nene, na daktari akimlazimisha kiatu kinachofunika mguu, akivae na atoe fidia: kufunga siku tatu, au kulisha masikini sita, au kuchinja mbuzi. Aliyekwisha kukatwa juu ya kifundo, fardhi ya kuosha mguu huo imemuondokea, na mguu wake wa bandia hauna udhu.

Yule mzee bado anaswali safu ya mbele, juu ya kiti. Mguu uliobaki hutazamwa na mjukuu wake kila Magharibi.

Wallahu aalam.