Waridi la Jangwani: Ua la Turkana, Bustanini na Sebuleni

Waridi la jangwani ni mmea wa nchi kavu wenye shina lililonenepa kwa chini na maua ya rangi ya waridi ambayo mara nyingi huchanua matawi yakiwa hayana jani hata moja. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. Huota wenyewe katika ukanda mrefu wa ukame unaoanzia Senegali, unaopita Sudan na Ethiopia, unaoshuka hadi Somalia, Uganda, Kenya na Tanzania, na kuvuka bahari hadi Yemen na jimbo la Dhofar nchini Oman. Turkana imo ndani ya ukanda huo. Anayetoka Lodwar kuelekea magharibi, akapita Lorugum hadi chini ya milima ya Loima, husafiri katika nchi inayoufaa mmea huu: mawe, changarawe, jua la mwaka mzima na mvua ya kuhesabu.

Si waridi halisi. Ni wa jamii moja na oleanda, na kama ndugu yake huyo una utomvu wenye sumu. Ua lina petali tano. Kingo zake zimekolea rangi, na rangi hiyo hufifia kadiri inavyoelekea katikati hadi kuwa nyeupe au ya manjano hafifu kooni. Ukichungulia ndani ya koo utaona mistari myekundu inayoshuka chini, vinyweleo laini, na nyuzi nyembamba zinazochomoza kutoka kwenye chavulio. Chavua yenyewe imefichwa chini ya nyuzi hizo, hivyo ni mdudu anayeweza kupenya hadi ndani ya koo tu ndiye huichukua na kuipeleka kwenye ua la mmea mwingine.

Jinsi unavyoishi Turkana

Lodwar iko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana hufika nyuzi 35 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Nairobi hupata mara nne au tano ya kiasi hicho. Nyingi ya mvua hiyo hunyesha kati ya Machi na Mei, nayo huja kwa kishindo. Wingu moja humwaga maji vilimani, laga, yaani mto wa msimu, hufurika kwa saa chache, kisha mchanga unarudi kukauka.

Mimea ya hapa ina njia mbili za kuyapata maji hayo. Mgunga na mkoma hushusha mizizi hadi kwenye maji yaliyo chini ya ardhi kandokando ya mto Turkwel na laga ya Tarach inayopita Kakuma. Mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Kenya kuzuia jangwa, hutumia njia hiyohiyo na sasa umevamia kingo nyingi za mito. Waridi la jangwani limeshika njia ya pili. Huota mbali na mto, kwenye miteremko ya mawe ambako hakuna maji ya kufikiwa na mzizi, na hutegemea akiba. Mvua inaponyesha, mizizi hunyonya kwa haraka na kujaza kitako cha shina, ambacho hufanya kazi ya mtungi. Kiangazi kikiingia, mmea huangusha majani ili usipoteze maji, na ganda la shina, ambalo lina ukijani ndani yake, huendelea kupokea mwanga.

Ua likishachavushwa hutoa maganda mawili marefu ya mbegu yaliyoungana kitakoni. Baada ya miezi kadhaa maganda hupasuka na kuachia mbegu nyembamba, kila moja ikiwa na kishungi cha nyuzi kwenye ncha zote mbili. Upepo wa Turkana, ambao haukosekani, huzibiringisha mbegu hizo juu ya ardhi hadi zinase kwenye ufa wa jiwe au chini ya kichaka. Hapo husubiri mvua.

Historia na matumizi

Mtu wa kwanza kuuandika mmea huu katika sayansi ya Ulaya alikuwa Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Uarabuni. Forsskål alifia Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mwenzake aliyenusurika katika msafara huo. Forsskål aliuweka mmea katika kundi la oleanda. Mwaka 1819 ukatengewa kundi lake la Adenium.

Watu wanaoishi nao walikuwa wakiujua zamani kabla ya hapo. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, huchemsha utomvu wake hadi uwe mzito na kuupaka kwenye mishale ya kuwindia. Sumu hiyo hushika moyo wa mnyama, hivyo hata jeraha dogo hutosha kumwangusha. Kaskazini mwa Kenya wafugaji wamekuwa wakitumia unga wa shina kuua wadudu wa ngozi kwa ngamia na ng'ombe, na utomvu kuangamiza chawa. Huko Oman umetumiwa kwa vidonda na maradhi ya ngozi. Hizi ni habari za historia, wala si maelekezo ya tiba: kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mmea na mmea, na anayeumeza anaweza kupoteza maisha.

Kama mmea wa bustani, waridi la jangwani limeenea zaidi nje ya Afrika. Wakulima wa Thailand na Taiwan wameuzalisha kwa wingi na kupata aina zenye maua meupe, ya manjano, mekundu yaliyokaribia weusi, na yenye petali za tabaka mbili au tatu. Nchini Kenya hupandwa kwenye bustani za nyumba na hoteli, hasa sehemu za joto.

Waridi la jangwani na peoni

Watu wa Turkana na waliopitia Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, leo wanaishi hadi Minneapolis, Omaha na Calgary. Katika miji hiyo ua linalotawala bustani mwishoni mwa majira ya kuchipua ni peoni: kichaka cha kufika kiunoni, chenye maua makubwa ya petali nyingi na harufu nzuri. Swali la kama peoni linaweza kupelekwa nyumbani Lorugum lina jibu fupi. Haliwezi.

Sababu ni baridi. Peoni hufa juu ya ardhi kila vuli na kulala chini kama mizizi minene. Machipukizi yake hayaamki mpaka yapite wiki nyingi za baridi iliyokaribia kuganda. Usiku wa Lodwar kwa nadra hushuka chini ya nyuzi 20, hivyo mzizi uliozikwa huko hautapata ishara ya kuamka. Utachoka na kuoza. Kwa upande mwingine, waridi la jangwani huanza kuumia joto likishuka chini ya nyuzi 10, na barafu huliua. Mimea yote miwili hujiwekea akiba na kulala katika majira magumu, ila mmoja hulala kwa baridi na mwingine kwa ukame. Peoni lisilopata majira yake ya kulala halitoi maua, hata likitunzwa vipi mengine yote.

Anayeishi kwenye baridi anaweza basi kuwa na yote mawili: peoni nje, waridi la jangwani ndani. Peoni hupandwa Septemba au Oktoba mahali penye jua na udongo usiotuamisha maji. Machipukizi ya mzizi yasifunikwe kwa zaidi ya sentimita 5 za udongo. Yakizikwa chini zaidi, kichaka hutoa majani matupu mwaka hadi mwaka. Huhitaji miaka mitatu hivi kukomaa, halipendi kuhamishwa, na likiachwa hapo huweza kuchanua kwa miaka 50 au zaidi. Kwa maua ya ndani, hukatwa tumba linapoanza kulainika likibonyezwa, kabla halijafunguka.

Kuotesha na kupanda

Njia bora ya kupata waridi la jangwani lenye kitako kizuri ni mbegu. Mbegu iwe mpya, kwa kuwa nguvu yake hupungua ikikaa. Hulazwa juu ya mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, hufunikwa kwa tabaka jembamba, na kuwekwa unyevu mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 30. Huota ndani ya wiki moja. Pingili za tawi nazo huota, lakini kwanza huachwa kivulini siku kadhaa ili kidonda kikauke, na mmea wake aghalabu haupati kitako kinene kama ule wa mbegu.

Udongo wa chungu unapaswa kupitisha maji mara moja. Katika Lodwar, Lorugum au Kakuma malighafi haiko mbali: mchanga wa laga wenye chembe kubwa, kokoto ndogo, na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri kwa sehemu ndogo. Chungu cha udongo kipana kisicho na kina kirefu ndicho kinachofaa, lakini debe au jerikeni iliyokatwa hutosha, mradi itobolewe matundu chini. Maji ya visima vingi vya Turkana yana chumvi. Kwa hiyo kila mara ya kumwagilia, maji yamwagwe mpaka yatoke chini ya chungu, ili yaondoke na chumvi badala ya kuiacha ikijikusanya kwenye mizizi.

Kosa linaloua mimea hii kuliko ukame ni maji mengi. Kabla ya kumwagilia, kijiti hudungwa hadi chini ya chungu. Kikitoka na unyevu, chungu kiachwe. Wakati wa kukua, mmea hunywa vizuri. Ukipumzika na kupukutisha majani, maji hupunguzwa hadi yakaribie kukoma. Kitako ndicho hutoa habari: kikiwa kigumu mmea ni mzima, kikilegea kidogo una kiu, kikibonyea na kutoa majimaji kimeoza. Mmea ulioanza kuoza huokolewa kwa kukata sehemu yote mbovu hadi kwenye nyama safi, kuuacha ukauke kivulini kwa siku nyingi, na kuupanda upya kwenye mchanga mkavu.

Kila baada ya mwaka mmoja au miwili mmea huhamishiwa chungu kipya na kuinuliwa sentimita mbili au tatu juu ya pale ulipokuwa. Hivyo ndivyo mizizi minene huonekana na kuupa mmea umbo la mti mzee. Mizizi iliyofunuliwa karibuni hukingwa na jua kali kwa wiki chache. Matawi hukatwa mwishoni mwa kiangazi, kabla ya machipukizi mapya. Maua hutokea kwenye ncha za matawi, hivyo tawi moja likikatwa na kutoa matatu, maua nayo huongezeka. Anayekata avae glavu, asiguse macho, na anawe kwa sabuni akimaliza. Watoto na mifugo wawekwe mbali na matawi yaliyokatwa.

Wadudu wanaosumbua ni vidukari, vidung'ata na utitiri. Vidukari vya manjano hupenda ncha changa na huondoshwa kwa maji ya sabuni laini. Utitiri huzidi hewa inapokuwa kavu, hasa kwenye nyumba zenye mitambo ya joto wakati wa baridi. Majani hupata vidoa vya njano na utando mwembamba kwa chini.

Kuufurahia ndani ya nyumba

Ua la waridi la jangwani halidumu likikatwa, kwa hiyo hupendwa likiwa mtini. Mmea uliochanua unaweza kuletwa sebuleni siku mbili tatu za wageni, kisha urudishwe juani. Ukikaa muda mrefu kwenye kivuli, matawi hurefuka na kuwa dhaifu, na maua hukoma. Katika nchi za baridi huwekwa nje wakati wa joto na kuingizwa ndani usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 12, kwenye dirisha linalopata jua kuliko yote. Majani yakianguka wakati huo hakuna kilichoharibika. Mmea umelala, na kuumwagilia kwa huruma ndiko kunakouozesha.

Mbegu na miche hupatikana kwenye vitalu vya miji mikubwa ya Kenya na kwa wauzaji wa mimea wa Ulaya na Marekani. Anayetaka kuvusha mbegu au mche mpaka wa nchi anapaswa kuuliza kwanza masharti ya nchi anakokwenda. Kwa upande wa Kenya, cheti cha afya ya mmea hutolewa na KEPHIS, taasisi ya serikali inayosimamia afya ya mimea. Kung'oa mmea mlimani si njia ya mkato. Mmea wa porini hukua polepole, mizizi yake hukatika ukitolewa kati ya mawe, na mingi hufia chunguni. Mche wa mbegu, ukipata joto na jua la kutosha, huweza kuchanua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Anayelipenda ua hili na aanze na mbegu, na ulio kilimani auache uzae.