Mkanda, puto na kisu: biashara ya tumbo la uzazi

Mzazi wa Sokon I akishamaliza siku za mtori na za kukandwa maji ya moto, kitu cha kwanza anachonunua kwa ajili ya mwili wake mwenyewe aghalabu ni mkanda wa tumbo. Bibi yake alijifunga kanga. Yeye anachukua wa mpira, wenye kulabu au wa kunata, wa mtumba au mpya, bei ya kupatana. Kwa wanawake wengi wa Arusha biashara ya tumbo la uzazi huanzia hapo na kuishia hapo.

Mkanda hushika, haurudishi. Mimba hutanua ngozi na mara nyingi huachanisha misuli miwili iliyosimama katikati ya tumbo. Kwa wengi misuli hiyo hukaribiana tena baada ya miezi kadhaa, hasa kwa mazoezi sahihi. Kwa wengine pengo hubaki, na mtoto anaingia chekechea mama bado anaulizwa kama ni mjamzito. Hao ndio wateja wa zile chai na vidonge vya "kukata tumbo" vinavyotangazwa kwenye simu. Niseme wazi: hakuna kinywaji kinachoshona msuli. Baadhi ni majani ya kuharishia tu, na kilo zinazopungua ni maji.

Kisu ndicho kinachoshona. Daktari hukata chini ya tumbo, nyonga hadi nyonga, huvuta misuli na kuishona pamoja, huondoa ngozi iliyozidi na kukipa kitovu tundu jipya. Ni kazi ya saa kadhaa chini ya nusukaputi, na hatari zake ni pamoja na damu kuganda na kidonda kuoza. Kunyonya mafuta ni huduma nyingine kabisa: hupunguza mafuta, lakini ngozi iliyolegea huiacha ilivyo. Puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula ni la kupunguza uzito, halina habari na misuli. Wateja huvichanganya vitatu hivi, na wauzaji wasio waaminifu hawana haraka ya kuwasahihisha.

Kwa upande wa hospitali za umma, mlango ulifunguliwa Mloganzila, tawi la Muhimbili, lililoanza na huduma ya puto kisha mwaka 2023 likatangaza upasuaji wa urembo. Kutoka Arusha ni takribani kilomita 600. Nairobi, kwa njia ya Namanga, haifiki nusu ya mwendo huo, ila ukaribu si usalama. Oktoba 2024 mwanamke alifariki huko baada ya upasuaji wa urembo, na baraza la madaktari la Kenya likafunga kliniki iliyohusika. Kuuliza leseni ya daktari na ya jengo, na kama kuna chumba cha wagonjwa mahututi, ni sehemu ya kupatana bei.

Bima kwa kawaida hulipia ugonjwa, urembo hapana. Basi fedha hutoka mfukoni, na ukiomba mkopo kikobani utaulizwa utazaa nini. Swali halali, kwa sababu gharama haikomi kwa daktari. Kwa takribani wiki sita mgonjwa hatakiwi kunyanyua kitu kizito. Mwajiriwa ana siku zake 84 za likizo ya uzazi, lakini hizo ni za kulea mtoto. Mama wa genge hana hata hizo: tenga la nyanya halina wa kulinyanyua, na mtoto wa mgongoni naye ni mzigo.

Kuna kikwazo kingine ambacho matangazo hukipita kimya. Madaktari hushauri mama amalize kuzaa kwanza, maana mimba nyingine huweza kuifumua kazi yote. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke, "kumaliza" ni miaka mingi. Mteja halisi wa kisu, kwa hiyo, si yule binti wa kwenye picha za matangazo. Ni mama aliyekwishasomesha, mwenye duka au mshahara, na mtu wa kumwachia funguo.

Wakati huohuo fundi cherehani anaendelea na kazi. Gauni la sare ya send-off analishona la kubana, lakini ubavuni anaacha inchi moja ya akiba kila upande, na bei haibadilishi.