Mkutubi wa kanda za video asikae peke yake

Na Mwandishi Wetu

TUKITAJA maktaba, ndugu msomaji, wengi wetu huona akilini rafu za vitabu, meza ndefu na kibao ukutani kinachoamuru kimya. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika maktaba nyingi, hasa zile za vyuo, kuna chumba kingine kidogo ambamo hamna kitabu hata kimoja. Humo mna kanda za video, filamu na sahani za DVD. Mna mihadhara ya walimu waliokwisha kustaafu, ngoma za vijijini, hotuba, michezo ya kuigiza na masomo ya uuguzi na kilimo. Na humo, mara nyingi, yumo mfanyakazi mmoja tu.

Makala hii inamhusu mfanyakazi huyo, na shauri lake ni moja: ajiunge na wenziwe wa kazi hiyo hiyo. Lakini inakuhusu wewe pia, kwani huenda mwanao anasomea ukutubi, na huenda ndani ya kabati lako umo ukanda wa harusi au wa mazishi ya mzazi ambao hujautazama kwa miaka mingi.

KAZI ISIYO NA JIRANI

Mkutubi wa vitabu hakosi wa kumwuliza. Akikwama katika kupanga kitabu, mwenzake yuko meza ya pili. Mkutubi wa video hana jirani. Anatakiwa ajue vitabu vinavyopangwa, na juu ya hayo ajue mashine, ajue sheria, ajue bei, tena ajue na maradhi ya kanda. Akimwendea mkuu wake kuuliza, hujibiwa kwamba yeye ndiye mtaalamu.

Maswali yenyewe si madogo. Je, filamu iliyonunuliwa kwa ajili ya kuazimwa inaweza kuonyeshwa katika ukumbi mbele ya watu mia mbili? Je, ukanda unaoanza kuoza unaruhusiwa kunakiliwa? Je, bei anayotaka mwuzaji ni ya haki, au ni kwa kuwa amemwona mnunuzi ni mgeni? Mtu mmoja akijibu maswali hayo kwa kubahatisha, hasara huwa ya taasisi nzima.

MFANO WA MAREKANI

Nchini Marekani wakutubi waliliona jambo hili mapema. Chama cha Maktaba cha Marekani, kilichoanzishwa Philadelphia mwaka 1876, ni kikubwa mno hata mwanachama mmoja anaweza kupotea ndani yake. Kwa sababu hiyo chama hicho kina vikundi vidogo viitwavyo meza za duara, ambavyo mwanachama hujiunga navyo kwa kuongeza ada kidogo juu ya ile ya chama. Video zilipokuwa zimeenea katika maktaba za umma na za vyuo, wakutubi wake waliunda chombo chao mwaka 1988, wakakiita Meza ya Duara ya Video. Miaka ya baadaye kilibadilishwa jina ili kitaje filamu na vyombo vingine vya sauti na picha, kwa kuwa video ilikuwa imekwisha acha kuwa ukanda peke yake.

Kazi ya kikundi hicho haikuwa ya kunywa chai na kupigiana makofi. Wanachama walikutana katika mikutano ya mwaka ya chama mama na kufundishana mambo ya sheria na ununuzi. Aidha waliteua video bora kwa watu wazima na kutangaza orodha yake kila mwaka, ili mkutubi wa mji mdogo asiyekuwa na nafasi ya kutazama mamia ya filamu apate pa kuanzia. Hapo ndipo faida ya chama inapoonekana: macho ya wengi hufanya kazi ambayo macho ya mmoja hayawezi.

Mwaka huo huo wa 1988 Marekani ilitunga sheria ya kulinda siri za wakodishaji wa video. Chanzo chake kilikuwa kisa cha mwaka 1987, wakati Jaji Robert Bork alipopendekezwa kuingia Mahakama Kuu ya nchi. Gazeti moja la mjini Washington lilipata orodha ya kanda ambazo nyumba yake ilizikodi dukani, likaichapisha. Hakukuwa na aibu yoyote katika orodha hiyo. Lakini wabunge, wa upande wake na wa upande wa pili, walitambua kwamba leo ni yeye na kesho ni wao. Kumbukumbu za maktaba zilikuwa katika mswada wa awali, ila ziliondolewa kabla sheria haijapita. Kwa hiyo siri ya aliyeazima filamu katika maktaba ilibaki kutegemea sheria za majimbo na uaminifu wa wakutubi wenyewe. Uaminifu wa namna hiyo haufundishwi na mashine. Hufundishwa na wenzako wa kazi.

KUNUNUA SI SAWA NA KUPANGA

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inampa aliyenunua nakala halali uwezo wa kuiazima nakala hiyo. Inamruhusu mwalimu wa shule isiyo ya kibiashara kuionyesha darasani, ana kwa ana na wanafunzi wake. Kuionyesha hadharani ukumbini ni jambo jingine, nalo huhitaji ruhusa ya mwenye haki. Hali kadhalika, sheria hiyo inairuhusu maktaba kutengeneza nakala zisizozidi tatu za kazi inayoharibika, iliyopotea, au ambayo mashine yake imekwisha pitwa na wakati, mradi maktaba iwe imetafuta kwanza nakala mpya kwa bei ya haki na kuikosa.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi maneno hayo machache yalivyo na mitego. Bei ya haki ni ipi? Kutafuta kwa kiasi gani ndiko kutafuta? Mkutubi aliye peke yake ataogopa, na ukanda utaoza akiwa bado anaogopa. Aliye na wenzake atauliza waliomtangulia walifanyaje.

Siku hizi mambo yamezidi kuwa magumu. Filamu nyingi haziuzwi tena kwa maktaba kama nakala ya kushika mkononi; hupangishwa kwa njia ya intaneti, kwa leseni yenye mwisho. Leseni ikiisha, filamu hutoweka na fedha hazirudi. Iko pia mipango ambayo maktaba hulipa kila msomaji anapotazama, hivyo kadiri filamu zinavyopendwa ndivyo deni linavyokua. Mwaka 2019 maktaba tatu za umma za jiji la New York, yaani ile ya New York yenyewe, ya Brooklyn na ya Queens, ziliacha kulipia huduma ya Kanopy kwa sababu ya gharama. Ikiwa maktaba kubwa kama hizo zilishindwa kubeba mzigo huo, ni vema maktaba ndogo ikasikia habari hizo kabla ya kutia sahihi. Na habari za namna hiyo husikika kwanza vikaoni, wauzaji wasipokuwapo.

KANDA NAZO HUFA

Jambo linalotutaka tufanye haraka, hata hivyo, ni umri wa kanda zenyewe. Ukanda wa video ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku kwa gundi. Gundi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Ikilegea, utepe hunata kichwani mwa mashine, na picha hubanduka pamoja na chembe zake. Wataalamu wengi hukadiria maisha ya ukanda kuwa kati ya miaka 10 na 30, kwa kutegemea ulivyotunzwa. Katika miji ya pwani yetu, yenye joto na unyevu mwaka mzima, si busara kutarajia ule mwisho wa mbali.

Mashine nazo zimekoma kutengenezwa. Mtindo wa VHS ulitolewa nchini Japani mwaka 1976. Kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kuunda mashine zake, iliacha mwaka 2016. Mwaka huo huo Sony ilisimamisha kutengeneza kanda za Betamax. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na Jumuiya ya Kimataifa ya Nyaraka za Sauti na Picha, iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 1969, zilitoa tahadhari kwa ulimwengu kwamba kufikia karibu mwaka 2025 mashine za kuchezea kanda za sumaku zingekuwa adimu. Mwaka huo umekwisha wadia.

Tena kazi ya kuokoa haina njia ya mkato. Saa moja ya ukanda huhitaji saa moja ya kuuchezesha. Maktaba yenye saa 1,000 za kanda na mashine moja, ikifanya kazi saa nane kwa siku bila kusimama, itamaliza baada ya siku 125 za kazi. Hapo hatujahesabu kusafisha, kukata umeme, wala mashine kuharibika. Maktaba tatu zikishirikiana mashine, fundi na vipuri, hesabu hubadilika.

TUJE NYUMBANI

Kwetu Tanzania kanda hizo zimebeba mambo ambayo hayamo vitabuni. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994. Mengi yaliyopigwa picha kabla na baada ya hapo yapo katika kanda za sumaku.

Wakutubi wa Afrika Mashariki si wageni wa ushirika. Walikuwa na chama kimoja cha eneo zima tangu miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kila nchi ikawa na chake. Shauri letu, basi, ni mkutubi wa video aanzie nyumbani. Ajiunge kwanza na chama cha wakutubi cha nchi yake, atafute humo wenzake watano au sita wanaotunza kanda, nao waombe wawe kamati. Baada ya hapo wanaweza kujiunga na jumuiya ya kimataifa kwa jina la taasisi, ili ada ilipwe na taasisi na faida iwafikie wote.

Wapo watakaosema kwamba vyama ni kula michango tu. Hatuwezi kukana kuwa vipo vya namna hiyo. Ndiyo maana kabla ya kulipa senti moja inafaa kuuliza: Je, chama kilikutana lini mara ya mwisho? Hesabu zake husomwa mbele ya wanachama? Kina mafunzo gani kwa asiyeweza kusafiri? Ada ya mfanyakazi wa kipato kidogo ni sawa na ya mkubwa? Lakini na mwanachama mwenyewe ajiulize ataleta nini. Akiandika tu orodha ya kanda zake na mashine zinazofanya kazi, akawapa wenzake, tayari amelipa ada iliyo kubwa kuliko fedha.

KANDA ZA KABATINI KWAKO

Nawe uliye nyumbani usingoje chama. Toa zile kanda uzitazame kwa nje. Ukiona ukungu mweupe juu ya utepe, usiutie ukanda huo mashineni, kwani utaichafua mashine nayo itaambukiza kanda nyingine. Zilizo safi zisimamishe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na jua, na mbali na vipaza sauti, ambavyo ndani yake mna sumaku. Vunja kile kijilimi cha plastiki kilicho ubavuni mwa ukanda wa VHS, ili mtoto asirekodi mpira juu ya sauti ya marehemu bibi yake. Andika juu ya ganda tarehe, mahali na majina ya watu wanaoonekana, maadamu wapo wanaowakumbuka. Kisha tafuta fundi wa kuzinakili mapema, uanze na ile ambayo ukiipoteza hutapata nyingine, na nakala uziweke mahali pawili.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mkutubi aliyejifungia na kanda zake atazilinda mpaka siku yake ya kustaafu, nazo zitabaki bila mwenye kuzijua. Aliyejiunga na wenzake huacha nyuma yake orodha, mafundi na vijana waliojifunza kwake. Wewe msomaji uliye mkuu wa idara, muulize mkutubi wako wiki hii kama ana chama. Na kama hana, mpe siku moja ya kwenda kuwatafuta wenzake.