Paka Mpelelezi wa Pickax

Riwaya ya upelelezi tulivu ni tawi la fasihi ya uhalifu ambalo mauaji hayakosekani, ila damu haimwagiki mbele ya msomaji. Maiti huokotwa, lakini ukatili wenyewe hausimuliwi. Mpelelezi si askari wala halipwi kwa kazi hiyo. Huwa mkutubi, mpishi, mwandishi wa habari au bibi kizee mwenye jicho kali, kama Miss Marple wa Agatha Christie, aliyeingia katika riwaya kwa mara ya kwanza mwaka 1930. Mahali pa tukio ni kijiji au mji mdogo, ambako muuaji hawezi kuwa mgeni kabisa: lazima awe mtu anayesalimiwa na wenzake kila siku.

Katika tawi hili, mfululizo uliompa paka nafasi ya kudumu ni ule wa Mmarekani Lilian Jackson Braun, ambao kila kitabu chake hubeba jina linaloanza na maneno The Cat Who. Braun alizaliwa mwaka 1913 na kufanya kazi kwa takriban miaka 30 katika gazeti la Detroit Free Press. Chanzo cha uandishi wake wa upelelezi kilikuwa msiba wa nyumbani. Paka wake wa Siam alianguka kutoka ghorofa ya kumi akafa, naye akaugeuza uchungu huo kuwa hadithi fupi, iliyotoka mwaka 1962 katika jarida la Ellery Queen's Mystery Magazine.

Riwaya tatu za mwanzo zilitoka mfululizo: The Cat Who Could Read Backwards mwaka 1966, kisha nyingine mwaka 1967 na 1968. Mhusika mkuu ni Jim Qwilleran, mwandishi wa habari wa makamo aliyewahi kuandika habari za uhalifu, akaangushwa na pombe, na sasa anaanza upya katika gazeti la jiji kubwa kwa kuandika habari za sanaa, jambo asilolijua. Katika riwaya hiyo ya kwanza ndimo anamopata paka dume wa Siam, Koko, aliyeachwa na mhakiki wa sanaa aliyeuawa. Baadaye anaongezeka paka jike, Yum Yum, mwizi wa vitu vidogo vidogo.

Baada ya hapo ulipita ukimya wa miaka 18. Wachapishaji walitaka riwaya za uhalifu zenye ngono na umwagaji damu zaidi, mambo ambayo Braun hakuwa tayari kuyaandika. Alirudi mwaka 1986 na The Cat Who Saw Red, akiwa amekwisha kustaafu, na safari hii soko lilimpokea. Hadi mwaka 2007 zilikuwa zimetoka riwaya 29.

Badiliko lililoupa mfululizo sura yake ya kudumu lilikuja mwaka 1987, pale Qwilleran alipohamia wilaya ya kubuniwa ya Moose, ambayo inasemwa iko maili 400 kaskazini mwa kila mahali. Makao yake makuu ni Pickax, mji wa watu 3,000. Migodi iliyowatajirisha wachache imefungwa, majumba ya mawe yamebaki, na koo za zamani bado zinakumbuka nani alimdhulumu nani. Qwilleran anarithi mali ya bibi tajiri kwa sharti la kuishi wilayani humo miaka mitano. Urithi huo unamwezesha mtu mzima kushinda mchana kutwa akifuatilia vifo visivyomhusu bila kuogopa kufukuzwa kazi, na lile sharti linamfunga mahali pamoja. Safu yake katika gazeti la wilaya nayo humpa sababu ya kubisha hodi katika kila nyumba na kuuliza maswali.

Swali gumu la kiufundi ni namna ya kumtumia paka bila kuivunja kanuni ya mchezo, inayodai kwamba msomaji apewe vidokezo vyote na mpelelezi afike kwenye jibu kwa hoja. Paka akijua muuaji na kumtaja, fumbo limekufa. Braun alilitatua kwa kumnyima Koko lugha. Koko hazungumzi, wala msomaji haambiwi anachowaza. Anaangusha kitabu kutoka rafuni, ananusa barua, anakodolea macho ukuta, au analia kilio kizito mtu anapokufa. Katika The Cat Who Knew Shakespeare, vitabu anavyoviangusha ni tamthilia za Shakespeare, na maudhui yake yanagusa yaliyojificha mjini.

Kazi ya kufasiri ni ya Qwilleran, ambaye machale yakimcheza masharubu yake humwasha. Mara nyingi anaelewa kwa kuchelewa, baada ya ushahidi kupatikana kwa njia nyingine, na kila tendo la Koko linaweza kuelezwa kuwa utundu wa kawaida wa paka. Msomaji anayeamini kipawa cha Koko na yule asiyeamini husoma kitabu kilekile bila kugombana nacho. Polisi nao hawasumbuliwi na ushahidi wa mnyama, kwa sababu Qwilleran humpelekea rafiki yake Brodie, mkuu wa polisi wa Pickax, hoja za kibinadamu tu.

Waandishi wengine walichagua njia tofauti. Rita Mae Brown, katika mfululizo ulioanza mwaka 1990 na kuwekwa katika mji halisi wa Crozet, jimbo la Virginia, huwaacha paka Mrs. Murphy na mbwa mwenzake wazungumze wao kwa wao. Msomaji anawasikia, binadamu hawawaelewi, na wasiwasi wa hadithi unatokana na pengo hilo. Nchini Japani, Jiro Akagawa alianza mwaka 1978 mfululizo wa paka aitwaye Holmes, anayemwongoza polisi mwoga anayezimia akiona damu. Huyu yuko karibu na Koko, kwani huonyesha bila kusema, lakini bwana wake ni askari anayelipwa kwa kazi hiyo.

Mfumo wa Pickax una udhaifu wake. Mji wa watu 3,000 ukizika watu waliouawa kila kitabu kinapotoka, uhalisia unayumba. Braun aliukwepa mtego huo kwa kuleta wageni, watalii na wafanyabiashara wapya, lakini kadiri mfululizo ulivyorefuka ndivyo fumbo lilivyopungua nguvu. Vitabu vya mwisho vinasimulia zaidi karamu, maonyesho, vyakula na umbea wa wilaya, na mauaji yanapita pembeni. Riwaya ya 30 ilitangazwa lakini haikuchapishwa, na Braun alifariki Juni 2011. Msomaji anayetaka fumbo lililosukwa vizuri hulipata zaidi katika vitabu vitatu vya miaka ya 1960. Anayetaka kuujua mji na watu wake huanza na The Cat Who Played Brahms, ambamo Qwilleran anafika wilaya ya Moose kwa mara ya kwanza.