Santuri Ngeni Barazani

Mwaka 1928, mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliposafiri na wenziwe hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, kila upande wa santuri zile, uliochukua kiasi cha dakika tatu tu, ukawa hidaya kwa wasiopata kuhudhuria hadhara zake.

Na hidaya ya namna hiyo, yaani santuri ngeni, haifai kusikilizwa faraghani bali barazani: mmoja hushika maneno, mwingine hutambua udi na fidla, na wa tatu, asiyeona ladha yake bado, hutaka sindano irudishwe mwanzo, na katika mjadala huo, ambao kwangu ni elimu kamili, ndipo maana iliyositirika hudhihiri.

Basi, msomaji azizi, itafute santuri usiyoijua, waalike jamaa, isikilizeni kwanza kimya, kisha semezaneni.