Andiko, Mtunzi na Mpigaji: Dhima ya Mwanamuziki katika Vikundi Vidogo vya Muziki Andishi wa Kisasa

Utangulizi

Mwaka 1970 mtunzi Mmarekani George Crumb alikamilisha kazi aliyoiita Black Angels. Kazi hiyo iliandikwa kwa ajili ya wapigaji wanne: wawili wa fidla, mmoja wa viola na mmoja wa selo, ala zao zikiwa zimeunganishwa na vipaza sauti. Ilitungwa wakati wa Vita vya Vietnam, na mtunzi mwenyewe aliitia tarehe ya Ijumaa, 13 Machi 1970, akaongeza kwa Kilatini kwamba ni wakati wa vita. Wapigaji wa kazi hii hawaachiwi nyuzi peke yake. Hupiga upatu, hutikisa manyanga na hupitisha uta kwenye bilauri zilizotiwa maji ili zitoe sauti. Aidha, hutakiwa kuhesabu kwa vinywa vyao kama watu walio katika tambiko. Lugha wanazohesabia ni pamoja na Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani na Kiswahili.

Jambo hili la mwisho linastahili kumsimamisha mwanafunzi wa Kiswahili. Huenda mpigaji wa viola aliyelelewa Marekani hajawahi kuzungumza na Mswahili hata siku moja, lakini karatasi iliyo mbele yake inamdai neno la Kiswahili, na inamdai alitamke mbele ya hadhira. Je, anadaiwa nini hasa? Herufi alizoandikiwa, au lugha yenyewe? Makala haya yanaeleza kazi ya wanamuziki wa vikundi vidogo vya muziki andishi wa kisasa, na yanashikilia kwamba kwao andiko ni nusu tu ya utungo. Nusu ya pili hutoka kwa mpigaji. Kwa sababu hiyo mpigaji hana budi kubeba dhamana ambayo wataalamu wa fasihi wamezoea kumbebesha mtunzi peke yake.

Muziki andishi na kikundi kidogo

Istilahi "muziki andishi" inatumiwa hapa kwa mfano wa "fasihi andishi". Ni muziki ambao mtunzi huuweka kwenye karatasi kwa alama za nota kabla haujasikika, na ambao watu wasiomjua mtunzi wanaweza kuupiga kwa kuzisoma alama hizo. Kikundi kidogo ni kile ambacho kila mpigaji ana sehemu yake asiyoshirikiana na mwingine. Katika okestra kubwa, fidla kumi na kadhaa hupiga mstari mmoja huku kiongozi akielekeza kwa kijiti. Atakayekosea atasitiriwa na wenzake. Katika kwarteti ya nyuzi, yaani kikundi cha fidla mbili, viola na selo, hakuna wa kumsitiri mwenzake wala wa kuwaongoza wote kwa kijiti. Ala zenyewe si ngeni kwa wapenzi wa taarabu, ambako fidla na selo zimezoeleka. Lililo geni ni upweke wa kila sauti.

Upweke huo ndio unaozaa nidhamu ya kusikilizana. Mpigaji wa fidla ya kwanza huvuta pumzi kabla ya kuanza, na kwa urefu wa pumzi ile wenzake hujua mwendo utakuwa wa kasi au wa polepole. Mmoja akichelewesha sauti kidogo, wengine hupima papo hapo kama wamfuate au wamrudishe njiani. Mambo haya hayaandikwi kwenye karatasi. Ni sawa na malumbano ya watambaji wawili hodari: maneno yanaweza kunukuliwa, lakini namna mmoja anavyompisha mwenzake hainukuliki.

Usasa wa muziki huu nao una maana mahususi. Mpigaji wa kazi za Haydn au Beethoven hushughulika na marehemu, na hukuta mapokeo ya miaka mingi ya kumwelekeza. Mpigaji wa kazi mpya mara nyingi hana mapokeo yoyote. Yeye ndiye msomaji wa kwanza wa andiko. Akiliboronga, hadhira haitasema kwamba mpigaji ameshindwa. Itasema kwamba utungo ni mbovu, na huenda usipigwe tena. Hapa ndipo hatari ya kazi hii ilipo, kwa maana uhai wa utungo mpya umo mikononi mwa watu wasioutunga.

Mpigaji anayemzaa mtunzi

Mfano ulio wazi zaidi wa dhamana hii ni Kronos Quartet. David Harrington, mpigaji wa fidla, aliianzisha mjini Seattle mwaka 1973 baada ya kuisikia Black Angels katika redio. Ingawa mtungaji ni mmoja tu, mtu anaweza kusema kwamba utungo ule uliwatafuta wapigaji wake ukawapata. Mwaka huohuo mtunzi Ken Benshoof aliwaandikia kazi, na malipo yake yakawa mfuko wa donati. Kutoka mwanzo huo mnyonge, kikundi kikahamia San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu kuanzishwa kwake kimeagiza na kupokea zaidi ya kazi 1,000 mpya.

Kuagiza huku si biashara tu. Mfano mzuri ni wa Terry Riley. Mtunzi huyu alikuwa ameacha kuandika nota kwa miaka kadhaa, akishughulika na muziki wa kubuni papo hapo na muziki wa Kihindi. Harrington alikutana naye katika Chuo cha Mills, California, akamsihi aishike kalamu tena. Riley alikubali, na kuanzia mwaka 1980 ameiandikia kwarteti hiyo kazi nyingi, mojawapo ikiwa Sun Rings ya mwaka 2002, inayotumia sauti zilizonaswa na vyombo vya anga. Ni dhahiri kwamba hapa mpigaji hakumngoja mtunzi. Alimwita. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Wapigaji hawa wamechagua kucheza pasipo kwao, na tuzo yao ya kwanza imekuwa kazi ambazo pasipo wao zisingaliandikwa.

Kiimbo cha usemi kama utungo

Uhusiano wa muziki huu na taaluma ya lugha hujitokeza vizuri katika Different Trains, kazi ya Steve Reich ya mwaka 1988 iliyoandikiwa kikundi hichohicho. Kati ya mwaka 1939 na 1942, Reich, akiwa mtoto, alisafiri kwa treni mara nyingi baina ya New York na Los Angeles, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wametengana. Baadaye ilimjia fikra kwamba lau angalikuwa Ulaya katika miaka hiyo, yeye aliye Myahudi, angalipandishwa treni za namna nyingine kabisa.

Ili kuieleza fikra hiyo, Reich alikusanya sauti zilizorekodiwa: za mlezi wake wa utotoni, za mzee aliyewahi kuhudumu katika treni za Marekani, na za Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Alikata vipande vifupi vya usemi, akaandika kwa nota kiimbo cha kila kipande. Viola huigiza semi za wanawake, selo huigiza semi za wanaume. Kila msemaji ana kasi yake, kwa hivyo mwendo wa muziki hubadilika ghafla kila usemi unapobadilika, nao wapigaji hulazimika kuruka pamoja nao.

Mwanafunzi wa fonolojia atatambua kwamba mpigaji anafanya zoezi alijualo: kutenga kiimbo na maneno, kisha kukisikiliza peke yake. Tofauti ni kwamba zoezi hili lina mzigo wa maadili. Anayeigwa ni mtu aliyepoteza jamaa zake. Mpigaji akitia mbwembwe, atakuwa amepamba ushahidi; akipiga kwa ubaridi, atakuwa amemnyamazisha shahidi. Karatasi humpa urefu na kimo cha sauti, bali haimwambii ni wapi heshima inapoanzia.

Simulizi inapotiwa kwenye karatasi

Suala la dhamana huwa gumu zaidi pale utungo unapotoka katika mapokeo ya simulizi. Mwaka 1992 Kronos ilitoa albamu ya Pieces of Africa, yenye kazi za watunzi saba wa Afrika: Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hassan Hakmoun wa Moroko, Foday Musa Suso wa Gambia, Justinian Tamusuza wa Uganda, Hamza El Din wa Nubia, Obo Addy wa Ghana na Kevin Volans wa Afrika Kusini. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza Marekani katika orodha ya muziki andishi na ile ya muziki wa dunia.

Kazi ya Tamusuza inaitwa Ekitundu Ekisooka, maana yake "sehemu ya kwanza". Ni sehemu ya kwanza ya kwarteti yake, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua neno "omusaalaba". Mtunzi huyu, ambaye pia amefundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere, aliijenga kazi yake juu ya muziki wa Kiganda. Ili kuufahamu ugumu anaowapa wapigaji, inafaa kuikumbuka amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, mmoja akipiga katika nafasi anazoziacha mwenzake. Wa tatu huokota sauti chache na kuzirudia kwenye vibao vya juu. Wimbo unaosikika haupigwi na yeyote kati yao. Huzaliwa katika sikio la msikilizaji kutokana na sauti zilizosukwa pamoja. Kwa mpigaji aliyefunzwa kuimba wimbo kamili kwa fidla yake, hii ni elimu mpya kabisa: kukubali kwamba sehemu yake peke yake haina maana, na bado aipige kwa uhakika.

Hata hivyo, si kila kitu huvuka salama kutoka simulizi hadi andiko. White Man Sleeps ya Volans iliandikwa kwanza mwaka 1982 kwa hapsikodi mbili, ambazo ni ala za kale za jamii ya kinanda, pamoja na ala ya nyuzi na ngoma. Hapsikodi hizo zilipatanishwa kwa vipimo vya sauti vya Kiafrika. Kazi ilipogeuzwa kuwa ya kwarteti, vipimo hivyo viliachwa, vikachukuliwa vya Kizungu. Aidha, kazi hii imezusha mjadala juu ya haki ya mtunzi mmoja kuweka jina lake juu ya muziki uliochotwa kwa jamii. Mjadala huo wasomi wa Kiswahili wanaujua vyema, kwani ndio ule unaomhusu mhariri anayechapisha ngano za wazee. Kronos haikuukimbia kwa kujifungia ndani. Katika baadhi ya kazi za albamu ile watunzi wenyewe waliingia studio wakapiga pamoja na kwarteti, Hamza El Din kwa tari yake na Obo Addy kwa ngoma zake. Mwenye simulizi alikuwapo ili andiko lisimsemee yote.

Urithi wa kazi

Kuanzia mwaka 2015 Kronos ilitekeleza mradi wa Fifty for the Future, uliozaa kazi 50 za watunzi mbalimbali, nusu yao wakiwa wanawake, kwa ajili ya wapigaji wachanga. Nota zake zimewekwa kwenye intaneti bila malipo. Miongoni mwazo imo Sunjata's Time ya Fodé Lassana Diabaté, mpiga balafoni wa Mali aliyezaliwa katika ukoo wa wasimulizi. Sehemu nne za kwanza za kazi hiyo kila moja inamhusu mhusika katika maisha ya Sunjata, shujaa wa utendi ambao wanafunzi wengi wa fasihi simulizi wameusoma. Diabaté ndiye mtunzi, na Jacob Garchik akaipanga kwa ajili ya kwarteti.

Mradi huu ulikuja wakati mwafaka. John Sherba wa fidla ya pili na Hank Dutt wa viola walistaafu mwaka 2024, baada ya kupiga pamoja na Harrington kwa zaidi ya miaka 40. Nafasi zao zilichukuliwa na Gabriela Díaz na Ayane Kozasa. Mpigaji wa selo, Paul Wiancko, alikuwa amejiunga mwaka 2023. Wageni hao walikuta rafu zimejaa maandiko, lakini maandiko hayasemi Sherba alikuwa akimtazama nani kabla ya kuanza. Elimu hiyo hurithishwa kwa kukaa pamoja, kama fanani anavyomrithisha mwanafunzi wake.

Hitimisho

Makala haya yalianza na mpigaji anayetakiwa kuhesabu kwa Kiswahili. Swali lake sasa linaweza kujibiwa. Neno kama "saba" lina mkazo katika silabi ya kwanza. Akilitamka kwa mkazo katika silabi ya mwisho, herufi zitakuwa zimetimia lakini neno halitakuwa la Kiswahili tena, na mdundo nao utakuwa umehama. Karatasi haitamshtaki. Atakayetambua ni msikilizaji mwenye lugha, pengine mmoja tu katika ukumbi mzima. Deni la mpigaji ni kwa msikilizaji huyo. Vivyo hivyo, deni lake katika kazi ya Reich ni kwa shahidi, na katika kazi ya Tamusuza ni kwa wapiga amadinda wasiokuwapo ukumbini.

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuuliza mtunzi alikusudia nini. Wanamuziki hawa wanaongeza swali la pili, nalo linamhusu kila anayesimama kughani shairi, kuigiza tamthilia au kusimulia ngano ya watu wengine: anayelitia andiko sauti anawajibika kwa nani?